Klachi ya mafuta imezama: ubadili raba, ununue silinda nzima, au ushushe giaboksi?

Ijumaa usiku Hilux ya shemeji ilimgomea kwenye foleni ya Kimara, kakanyaga klachi pedeli ikaenda mpaka kwenye kapeti ikalala hukohuko, akawa anaichokonoa kwa ncha ya kiatu ndo inarudi. Aliifikisha nyumbani kwa kuzima na kuwasha ikiwa kwenye gia ya kwanza, we fikiria mwenyewe na foleni ile. Asubuhi fundi wa mtaani kaiangalia dakika tano kashatoa hukumu: shusha giaboksi, badili pleti, presha pleti na beringi, tafuta hela. Ndo akanipigia. Nikamwambia shem, usishushe kitu chochote, subiri nije na rula.

Rula kweli, ile ya plastiki ya mtoto ya shule. Manake ukishajua rodi ya masta ya chini, yaani ile silinda ndogo pembeni ya giaboksi, inatoka milimita ngapi, unajua upo kundi gani kati ya haya matatu: wa kubadili raba za ndani ya masta tu, wa kununua silinda nzima, au wa kushusha giaboksi kweli. Ya kwanza ni kazi ya asubuhi moja na hela yake haikuumizi, ya mwisho ni siku nzima na mgongo na hela ya ada ya mtoto. Tatizo watu wanaanzia mwisho.

Kwa ambaye hajawahi kuchungulia: ukikanyaga pedeli unasukuma masta ya juu, iko kwenye ukuta wa injini upande wa dereva jirani na ile ya breki, ina kikopo chake kidogo. Masta inasukuma mafuta ya breki kwenye paipu ya chuma, halafu kwenye hosi ya mpira, mpaka masta ya chini ambayo wengine wanaiita slevu, imefungwa kwa bolti mbili pembeni ya giaboksi. Hiyo ya chini inatoa rodi, rodi inasukuma foku, foku inasukuma beringi, beringi inakandamiza presha pleti na pleti inaachia injini. Basi, ni hivyo tu. Mafuta yakivuja, hewa ikiingia au raba ikichoka, msukumo unaishia njiani na gia zinaanza kukwaruza.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana. Gari sehemu tambarare, hendibreki juu, jiwe kwenye tairi, washa, acha sailensa, kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu mpaka nne halafu weka rivasi. Ikikwaruza, rudisha nyutro, pampu pedeli haraka mara tatu nne kisha jaribu tena bila kuachia. Ikiingia kimya baada ya kupampu, ugonjwa uko kwenye mafuta, yaani juu au chini au hewa katikati. Ikikwaruza vilevile hata upampu mpaka mguu uume, hapo bado usimhukumu mtu, shuka chini na rula.

Chini sasa. Hilux iko juu unaingia bila jeki, gari ndogo utainua, ila ukiinua weka stendi, mi siingii chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Shemeji alikanyaga, mimi nimeshika rula sambamba na rodi pale inapoingia kwenye foku. Mara ya kwanza ikasogea kama milimita nne. Akapampu, ikafika nane, akaendelea kushikilia, na mimi naitazama inarudi yenyewe taratibu mpaka tano, nne. Hajaachia pedeli. Hapo nikacheka chini ya gari peke yangu, manake gari nyingi za aina hii rodi inatakiwa itoke kama sentimita moja mpaka moja na nusu, sasa kama inatoka milimita nne pleti itaachiaje? Hata ungeweka klachi mpya ya boksini isingeachia.

Kwahiyo mgawanyo ni huu. Rodi inatoka safari yake yote na gia bado zinakwaruza: mafuta yako hayana kosa, foku imepinda au presha pleti imekufa au pleti imeng'ang'ania, shusha giaboksi na fundi yuko sahihi. Rodi inatoka nusu au inarudi wakati mguu uko chini: giaboksi haihusiki, usiguse.

Klachi kuteleza ni kesi nyingine, ile injini inalia juu na gari haiendi. Mara nyingi hiyo ni pleti imeisha na hapo hakuna raba itakayokusaidia. Ila kuna ujanja mmoja wengi hawaujui. Saa zingine rodi ya pedeli imekazwa mpaka haina mchezo kabisa, kwahiyo pistoni ya juu hairudi mpaka mwisho, kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kikopo kinabaki kimezibwa na presha inabaki imenasa chini hata ukiachia mguu. Au hosi imevimba kwa ndani, inapitisha mafuta kwenda na kuyagomea kurudi. Jaribu hivi: ikiwa inateleza, fungua skrubu ya kutolea upepo kwenye masta ya chini robo mzunguko. Mafuta yakiruka kwa nguvu na klachi ikashika ghafla, umeokoa pleti nzima. Toyota nyingi pedeli inataka mchezo wa milimita 5 hadi 15 kabla haijaanza kuwa nzito, pima kwa kidole tu.

Haya, tuseme ni mafuta. Juu au chini?

Ya chini inajishtaki yenyewe. Vuta kile kimpira cha vumbi kinachozunguka rodi, kama kuna mafuta ndani yake imekwisha, na kikopo cha juu utakuwa unakijaza kila wiki. Ya juu ni mnafiki. Inaweza kuvuja kwa nje, hapo ingiza mkono juu ya pedeli pale rodi inapopita ukutani, ukitoka na unyevu wa utelezi au rangi ya pale imebabuka ndo hiyo. Lakini inaweza pia kuvuja ndani kwa ndani, raba ya mbele imelika, mafuta yanapita pembeni yake yanarudi kwenye kikopo, hakuna tone lolote chini, kikopo kimejaa, na pedeli inazama taratibu ukiwa umesimama kwenye taa. Ndo ile ya shemeji, nilichungulia chini kukavu kama kiberiti. Fundi kuona hakuna mafuta yaliyomwagika akaona basi ni pleti. Simlaumu sana, ila rula ingemwambia.

Na hosi usiisahau, ishike kwa mkono wakati mwenzio anakanyaga, ukiisikia inavimba kama mshipa, badili, hakuna cha kulinganisha hapo.

Sasa ndo tuje kwenye kuchagua. Raba au silinda nzima?

Raba ni bei ya kuchekesha ukilinganisha na silinda mpya, na ndani ya kile kipakti unapata raba kubwa na ndogo, kimpira cha vumbi, saa zingine na springi na pistoni. Kwa kuangalia bei peke yake kila mtu angebadili raba. Lakini raba inateleza juu ya ukuta wa silinda, na ukuta ukishakuwa na mikwaruzo raba mpya inaliwa na kuisha mapema tu, halafu unarudi palepale, umelala chini mara mbili kwa kazi moja. Kwahiyo mi jibu langu haliko kwenye bei liko kwenye ukucha. Toa silinda, toa klipu, gonga pistoni itoke (weka kitambaa mbele, inaruka), futa ndani kwa kitambaa safi, peleka kwenye mwanga, halafu pitisha ukucha wa kidole kidogo taratibu kutoka nje kwenda ndani. Ukucha ukipita kama kwenye kioo, nunua raba. Ukinasa popote, hata padogo, au ukaona vidoti vyeusi vimechimba, usijidanganye, nunua silinda.

Ya shemeji ukucha ulipita vizuri mpaka karibu na mwisho kabisa, pale pistoni inapofikia pedeli ikiwa chini, pakawa na kama nywele. Kidogo kweli. Akasema hiyo si kitu, weka raba tu. Nikamwambia sawa, gari yako, lakini hapo ndo mahali raba inabeba presha yote, ungekuwa mkwaruzo wa mwanzoni huku nje ningekubaliana na wewe. Akawaza kidogo akavaa kofia tukaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea.

Kuna wanaosema piga msasa laini mkwaruzo utoke. Kama silinda ni chuma cha kumwaga na alama ni hafifu, inawezekana, wazee wamefanya hivyo miaka. Ikiwa ni aluminiamu acha, ule ukuta una ngozi ngumu juu, ukishaikwangua unabaki na aluminiamu laini tupu na italika haraka kuliko mwanzo. Sumaku itakwambia ni ipi.

Ukiweka raba basi ziweke kistaarabu. Mdomo wa raba unaangalia upande wa presha, yaani kule mafuta yanakosukumwa, ukiigeuza haitashika hata siku moja. Piga picha kwa simu kabla hujatoa ya zamani. Osha kwa mafuta ya breki mapya au spiriti, si petroli, si dizeli, si mafuta ya taa, hizo raba zikigusana na mafuta ya jamii ya petroli zinavimba zinakuwa kama andazi. Na kwa sababu hiyohiyo usimruhusu mtu aweke oili ya injini au ya stelingi kwenye kikopo "tufike tu nyumbani", mtafika, halafu utabadili kila kitu chenye mpira kutoka juu mpaka chini.

Kwa upande wa silinda nzima una mpya na una yuzdi ya mtumba. Yuzdi ya kutoka kwenye gari iliyokatwa inaweza kuwa orijino kabisa na chuma chake kizuri kuliko mpya ya bei rahisi, mi nikiipata nafanya hivi: naichukua kama mwili tu, napitisha ukucha palepale dukani, ikipita naiweka raba mpya. Muuzaji akikataa usiifungue basi mwachie. Yuzdi kuifunga hivihivi na raba zake za miaka kumi na tano ni bahati nasibu. Mpya ya bei rahisi inafanya kazi, sikatai, ila ichezee mkononi kabla hujalipa, sukuma pistoni na kidole irudi laini bila kukwama, angalia nyuzi za paipu kama ni safi, angalia na rodi urefu wake ulingane na yako.

Na hapa pana mtego unaoumiza wengi kuliko ubovu wenyewe, saizi. Kwenye mwili wa silinda kuna namba imeandikwa kwa kumwagwa, 5/8, 11/16, 3/4, 13/16, hiyo ni kipenyo cha ndani kwa inchi. Muuzaji atakwambia "zote za Hilux zinaingiliana", na bolti zinaingia kweli, paipu inaingia kweli, halafu klachi inakuwa ya ajabu. Ukiweka ya chini ya 13/16 badala ya 3/4, mafuta yaleyale yanajaza nafasi pana zaidi, kwahiyo rodi inatoka pungufu, kama asilimia 15 imeondoka hapo, ilikuwa inatoka milimita 13 sasa 11. Pedeli inakuwa laini raha mustarehe na gia zinakwaruza, unaanza kutafuta hewa ambayo haipo. Ukikosea kinyume, ya juu ukaweka kubwa, pedeli inakuwa nzito kama ya lori. Nenda na ya zamani mkononi, isiwe kwa picha ya WhatsApp.

Ile nyingine nayo vipi, ukibadili ya juu ubadili na ya chini? Watu wanabishana. Mi naona kama zina umri mmoja na ya chini ni bolti mbili tu, badili angalau raba zake siku hiyohiyo. Ukiweka ya juu mpya inaanza kusukuma presha kamili kwenye raba mzee ambazo zilishazoea nusu presha, na nimeona mara mbili ya chini inaanza kuvuja ndani ya mwezi. Tulimwekea shemeji ya juu mpya na raba za chini, ukucha ulipita vizuri kabisa.

Wakati wa kufungua paipu, ile nati nyembamba usiiguse na spana ya kawaida iliyochoka, itazunguka kona zote ziishe na paipu utaikata. Kuna spana yake inayoishika pande karibu zote, azima. Na mafuta ya breki yanakula rangi, mwagia maji mengi haraka yakidondokea bodi.

Kutoa upepo nako kuna njia zake na zinatofautiana kweli.

Ya watu wawili ndo inajulikana: mmoja anakanyaga na kushikilia, wa chini anafungua skrubu yanatoka, anafunga, ndo wa juu anaachia. Nzuri, ila inataka mtu anayesikiliza. Shemeji aliachia kabla sijafunga mara mbili, kila akiachia hewa inarudi tunaanza upya, mwisho nikamwambia asiachie mpaka nimwambie "achia" na yeye ajibu "naachia", kama marubani.

Ya peke yako ni kufungua skrubu, kuvalisha kimpira kinachoingia kwenye chupa, kujaza kikopo na kuacha yadondoke yenyewe kwa mvuto. Ni polepole, unaweza kunywa chai, ila masta mpya iliyo tupu mara nyingi inagoma kuanza hivyo.

Ninayoipenda mimi ni ya kusukuma kutoka chini kwenda juu. Hewa inapenda kupanda, sasa kwa nini uilazimishe kushuka? Chukua bomba la sindano kubwa, lile jipya la duka la dawa, bila sindano, vuta mafuta mapya, toa hewa, valisha kimpira, sukuma kupitia skrubu ya chini taratibu huku mwenzio anaangalia kikopo kisifurike. Utaona mapovu yanatokea juu. Ujanja mwingine wa namna hiyo: fungua masta ya chini kwenye bolti zake, bila kukata paipu, isimamishe skrubu ikiwa juu, sukuma rodi ndani kwa kidole gumba polepole, iachie polepole, rudia. Wakati iko nje mtu asikanyage pedeli! Pistoni itaruka na mafuta yote yatakuwa kwenye shati lako.

Skrubu yenyewe ni ndogo na ina tundu katikati, kaza kwa kiasi, mkono mmoja karibu na kichwa cha spana, ikikatikia ndani utanunua silinda ambayo hukuipangia.

Mafuta: soma kifuniko cha kikopo. Gari nyingi zinataka mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4, na hizo mbili zinachanganyika, tofauti kubwa ni joto la kuchemkia, DOT 3 ikiwa mpya inaanzia nyuzi 205, DOT 4 nyuzi 230. Kwa klachi ya kawaida hiyo tofauti huisikii, kilicho muhimu ni yawe mapya, manake yanavuta unyevu wa hewani, na huku pwani unyevu ndo hewa yenyewe. Chupa iliyokaa wazi stoo tangu mwaka juzi itupe. Ile DOT 5 tupu, si DOT 5.1, ni ya silikoni, ni kitu kingine, usichanganye kabisa.

Sasa kuna gari ambazo hesabu yote hii inabadilika. Ford Ranger za karibuni na gari nyingi za Ulaya masta ya chini haiko nje, imevaa kwenye shafti ndani ya giaboksi pamoja na beringi, kwahiyo hutaona rodi, rula weka mfukoni. Hapo utaangalia kama mafuta yanadondoka kwenye shingo ya giaboksi, na jaribio la kupampu na la kuzama kwa pedeli linafanya kazi vilevile. Ikiwa imekufa ya ndani, giaboksi inashuka hata kwa kipande kidogo namna ile, na ukishashusha ni ujinga kuacha pleti ya zamani, weka vyote. Ndo maana kwa gari hizo mi nahakikisha kwanza ya juu haina kosa, naanza na ya juu hata mara mbili. Nyingine pia klachi na breki zinakunywa kikopo kimoja, klachi ikiishiwa mafuta angalia na breki kabla hujaondoka.

Ya shemeji tulimaliza saa nane mchana. Rula ikasoma milimita 13 na ikabaki 13 nikahesabu mpaka sitini, yeye juu analalamika mguu unakufa ganzi. Rivasi ikaingia kimya. Zile milimita nne niliziandika kwa kalamu nyuma ya rula, mtoto kaniuliza baba umeandika nini kwenye rula yangu.